Mia Iliyoota Jani

Wasso, 12 Oktoba 1997

Mwanangu Aikande,

Kuokota ni kutwaa kutoka chini kitu kisicho chako, ambacho mwenyewe humjui, na ambacho huyo mwenyewe hakukusudia kukiacha pale. Masharti hayo hayatenganishwi. Ukimjua mwenyewe, hukuokota. Umeiba au umemtunzia, kutegemea utakachofanya baadaye. Na kama mwenyewe alikiweka makusudi ili mwingine akitwae, hapo pia hukuokota; umepokea.

Nimetanguliza fasili mbele ya salamu kwa sababu Yohani dereva alinifikishia swali lako injini ikiwa inanguruma, na alilifikisha vibaya. Alisema, "Mwalimu, Aikande anauliza, hela ikiwa chini, iokotwe au isiokotwe?" Nikamwuliza ni hela gani, na chini wapi. Akajibu, "Mimi nimetumwa swali, sikutumwa maelezo," akaondoa basi.

Sasa salamu. Sisi hatujambo. Mama yako mdogo Marsela amepona kifua na ameanza tena kugombana na mbuzi wa jirani, dalili ambayo daktari yeyote angeifurahia. Chuoni ningali nafundisha mantiki kwa vijana wanaojiandaa kuhudumia sharika. Wengi wao wamekua wakichunga ng'ombe, na wanadai kwamba kazi hizi mbili hazitofautiani sana, ila ng'ombe hawaombi kuhubiriwa kwa ufupi.

Jibu lako ni hili. Sarafu ikidondoka, iokote, umwulizie mwenyewe kwa muda wa kutosha, na asipopatikana umpe mhitaji. Sarafu ni madini yaliyopigwa chapa, haina nia. Sioni sababu ya swali jepesi namna hii kuvushwa ukingo wa kreta na mbuga yote ya Serengeti, isipokuwa kama lipo jambo ambalo hukumwambia Yohani.

Baba yako mdogo,
Josephati


Karatu, 5 Novemba 1997

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo, na kwa Mama mdogo pia. Huku tunamshukuru Mungu. Judith wangu anafanya mtihani wa darasa la nne na amenikataza kumsalimia asubuhi, asije akasahau alichokariri. Mama hajambo huko Machame. Anauliza kama Krismasi hii utakuja mwenyewe au utatuma tena sababu. Barua yako ilikaa chini ya kiti cha Yohani pamoja na spana, kwa hiyo usihesabu uchelewaji huu kuwa wangu.

Umekisia sawa, lipo jambo. Sarafu yenyewe ni ya shilingi mia. Ipo mbele ya ngazi ya mgahawa wangu, pale pale ambapo njia ya mnadani inaachana na barabara kuu, na ilionekana asubuhi baada ya mnada. Unafahamu wanavyosema watu juu ya hela ya njia panda: kwamba mwenye ugonjwa au mkosi huufunga ndani ya sarafu na kuiacha njiani, na atakayeiokota ndiye atakayeubeba. Sisemi kwamba naamini. Nasema wateja wangu wanaamini, na ngazi ya kuingilia ni ile moja.

Mzee Tluway wa Endabash, ambaye amekunywa chai yangu kila mnada tangu nifungue, alisimama, akaitazama, akaita kutoka barabarani: "Mama Judith! Niletee chai huku huku." Nanyokie anayeniletea maziwa sasa anatua kibuyu chake upande wa pili na kuniita kwa mluzi, kama mtu anayeita ndama. Madereva wa watalii, ambao kila siku wanawakaribia simba vioo vikiwa wazi, wameogopa shilingi mia wakahamia kwa Evelyn ng'ambo ya barabara. Evelyn hajui kupika mtori, Baba mdogo. Anatia ndizi zilizoiva.

Utauliza kwa nini nisiiokote mwenyewe. Kwa sababu mkono utakaoiokota ndio utakaosukuma chapati. Siku mteja mmoja akipatwa na malaria, na Karatu haijawahi kupungukiwa na malaria, watasema ameila kwangu. Nilifikiri kuifagia. Nikishika ufagio tu, barabara nzima inasimama kuangalia nitaisukumia kwa nani.

Kaka Alex ameshazipata habari. Ameandika kwamba chumba cha nyuma kwake kipo wazi, na kwamba alisema tangu mwanzo kuwa mjane hawezi kuendesha biashara ugenini. Hali ikiwa hivi hadi mwisho wa Januari, sitakuwa na budi kufunga mgahawa na kwenda kuishi ndani ya "nilikwambia" yake kwa maisha yangu yote yaliyobaki.

Tena, kwa fasili yako mwenyewe, sarafu iliyowekwa makusudi haiokotwi, inapokelewa. Na anayepokea mzigo hupokea na kilichofungwa ndani. Naona umewapa wateja wangu hoja ambayo hawakuwa nayo.

Nijibu swali moja tu. Wewe ungeiokota?

Mwanao,
Aikande


Wasso, 27 Novemba 1997

Mwanangu Aikande,

Marahaba. Mvua hii wanayoiita Elinino imekata barabara, na Yohani amelala matopeni hata abiria wake wakachaguana viongozi. Barua yako ilifika imelowa. Niliianika kwenye kamba moja na soksi zangu, na nimeisoma kwa makini licha ya jirani zake. Marsela anakohoa kidogo. Mbuzi wa jirani hajambo, kwa bahati mbaya.

Hoja yako juu ya fasili ni nzuri, nami nimeipitisha kwa wanafunzi wangu bila kutaja jina. Mmoja aliuliza iwapo mwalimu amekwisha kushindwa. Nikamwambia somo limekwisha.

Swali lako la mwisho linahusu mtu, na ukweli wa hoja hauthibitishwi kwa kutazama mtu fulani angefanya nini. Kwa hiyo naliweka kando.

Ninachokupa ni njia ya vitendo. Tatizo lako si sarafu, bali maana ambayo watu wameipa. Na maana huondolewa kwa maana nyingine. Chukua jani la isale, uliweke kando ya sarafu hiyo. Wazee wetu mlimani walipanda masale mipakani na kuyapeleka mahali penye ugomvi, na hakuna aliyehitaji maelezo. Atakayeliona ataelewa kwamba jambo hili lina mwenyewe, linashughulikiwa, na ni la amani. Sidhani kama yupo mtu mwenye akili timamu anayeweza kulikosea isale.

Baba yako mdogo,
Josephati


Karatu, 13 Desemba 1997

Baba mdogo,

Shikamoo. Judith amefaulu na sasa anaongea tena. Mama anakusalimu. Mvua imechukua banda la kuku la jirani, na kuku wake wamehamia kwangu. Angalau wao hawaogopi ngazi.

Nimeweka isale. Nilikata kwenye ua wa Hilary, yule fundi magari kutoka Kibosho, nikalilaza kando ya sarafu mchana kweupe ili kila mtu aone kwamba sina la kuficha. Naomba nikueleze kwa utulivu kilichofuata.

Mzee Tluway alikuja, akaegemea fimbo yake, akatazama hela, kisha jani. Akasema, "Jana palikuwa na hela. Leo pana hela na dawa."

Nikamwambia, "Mzee, hii si dawa. Ni jani la amani, la kwetu."

"Kila dawa ni jani la kwao mtu," akanijibu, na safari hii hakuagiza chai hata ya barabarani.

Nanyokie alisikiliza maelezo yangu yote, akanipa pole, akasema, "Sisi wafugaji tukitaka amani tunashika majani mkononi, mwenzangu, ili mtu aone ni nani anayeitaka. Hela yako ilipokuwa peke yake ningeweza kuiruka. Sasa imeota jani."

Nikajipa moyo kwamba angalau Wachaga wenzetu wataelewa. Walielewa, Baba mdogo. Hilary aliacha gari la watu juu ya jeki, akaja mbio na mafuta mikononi, akaninong'oneza: "Aikande, dada yangu, unamwomba nani msamaha? Umefanya nini?" Nilipomwambia sijafanya kitu, akasema, "Mtu hawezi kutoa isale bure. Sema tu, tutakusindikiza." Kufika jioni, watu wa Kilimanjaro wote waliopo Karatu walijua kwamba nimekosa jambo zito, na waliobaki wakajua kwamba mimi ni mganga. Evelyn amenunua mabenchi mapya.

Siwezi kuliondoa jani, maana watasema dawa imekamilika. Limebaki pale linapigwa mvua.

Nina ombi. Utapita hapa kwenda nyumbani Krismasi. Wewe ni mwalimu wa chuo cha kanisa, na watu wanakuheshimu hata wasipokuelewa. Shuka kwenye basi mbele yao, inama, iokote, panda ngazi, ukae unywe mtori. Wakikuona unamaliza bakuli ukiwa mzima, jambo litakwisha. Nimeshawaambia unakuja.

Mwanao,
Aikande


Karatu, 4 Januari 1998

Baba mdogo,

Shikamoo na heri ya mwaka mpya. Natumaini mmerudi Wasso salama, kwa ile njia ya Engaruka mliyosema, isiyopita huku, na kwamba Mama mdogo aliikuta nyumba bila mbuzi ndani. Mimi nilikula Krismasi hapa hapa, mimi na Judith, na sufuria ya mtori iliyotutosha hadi siku ya tatu.

Sikusema kitu ulipokuwa hapa, kwa sababu mgeni halaumiwi mpaka aondoke. Sasa umeondoka.

Nilikuwekea kiti barazani. Mzee Tluway aliahirisha safari ya Endabash. Nanyokie alikuja na mashoga zake. Evelyn alizima jiko lake ili moshi usimzuie kuona. Basi likafika, mlango ukafunguliwa, Mama mdogo akashuka, mizigo ikashuka. Wewe ukatokea jikoni.

Mlango ule wa nyuma ni wa kuku, Baba mdogo. Yule aliyekuwa analalia hajarudi kwenye mayai mpaka leo. Ulisema ulishuka kabla ya kituo, ukapita njia ya mkato. Nimeitembea njia hiyo: ni ndefu kuliko barabara, na ina mtaro katikati.

Ulikula vizuri, ulisifu mtori, na uliwaeleza waliokusanyika dirishani tofauti kati ya sababu ya jambo na tukio linalolifuata tu. Walikusikiliza kwa adabu. Kisha Mzee Tluway akauliza, "Tumekuelewa, Mwalimu. Na hela?" Ukatazama saa, ukasema umechoka na safari.

Asubuhi mliondoka na basi la kwanza, mimi nikiwa jikoni nawasha moto. Nilipotoka kuwapungia mkono, isale lilikuwa pale pale. Sarafu haikuwepo.

Niliuliza swali hili Novemba kwa namna moja. Nalirudia kwa namna nyingine. Ni wewe?

Aikande


Wasso, 25 Januari 1998

Mwanangu,

Marahaba. Usishangae mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa kidole gumba cha kulia kimevimba. Nilichomwa na mwiba wa mgunga nikifungua zizi, tukio linaloweza kumpata mtu yeyote anayeishi Wasso, na lililowapata wengi kabla yangu bila kuhitaji maelezo.

Habari nyingine ni njema. Mvua imepungua. Mpe pole yule kuku.

Kuhusu swali lako, nathibitisha kwa maandishi kwamba sikuokota sarafu yoyote mbele ya mgahawa wako, kwa maana ya kuokota niliyoieleza tarehe 12 Oktoba.

Marsela anataka nikuandikie kwamba yeye hajasema neno lolote. Ni kweli, hajasema. Ananitazama.

Baba yako mdogo,
Josephati


Karatu, 20 Februari 1998

Baba mdogo,

Shikamoo. Pole sana na kidole. Judith anakuombea kila jioni, ingawa nimemwomba afanye hivyo kwa sauti ndogo.

Nina habari njema ambayo sijui niifurahie vipi. Wateja wamerudi. Walipoona sarafu haipo, walingoja siku kadhaa kuona nani atalala kitandani. Hapa mjini hakulala mtu. Ndipo wakaingia wote kwa ngazi ile ile, kama ng'ombe waliofunguliwa zizi, kila mmoja akimshukuru yule aliyeubeba mkosi akaenda nao mbali. Madereva wamerudi. Evelyn amekuja kuniuliza kama nahitaji mabenchi. Nimemwandikia Kaka Alex kwamba chumba cha nyuma anaweza kukiwekea mahindi.

Walikuwa wakibishana ni nani aliyeibeba, hadi Yohani alipoingia. Akaagiza mtori, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Asubuhi ile Mwalimu aliinama hapo chini ya ngazi. Nikapiga honi, akasema ngoja, nafunga kamba ya kiatu."

"Basi alikuwa anafunga kiatu," nikasema mimi.

"Alivaa makubazi," akasema Yohani, akaomba pilipili.

Tangu hapo, kila anayeingia anaanza kwa kuuliza, "Mwalimu hajambo?" Wanauliza kwa upendo mkubwa. Nanyokie ameniletea samli nikutumie. Nimewaambia hujambo kabisa. Mzee Tluway akatikisa kichwa: "Bado mapema." Habari ya kidole sijaitoa. Nikiitoa nitauza mtori mpaka nizeeke, lakini wewe hutapita tena Karatu bila kufanyiwa maombi.

Hayo si yote. Siku ya mnada alikuja mfugaji wa Endulen, jina lake Tajewo, akasimama mlangoni na kuuliza, "Mimi nilidondosha mia yangu hapa kabla ya mvua, nilipokuwa naruka kutoka kwenye lori. Mmenitunzia?"

Mgahawa mzima uliweka vijiko chini.

Nikampa chai na chapati mbili, akaridhika, akasema tumemalizana. Alipoelezwa yaliyotokea alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mwambieni huyo Mwalimu sikumtumia chochote. Ulitoboka mfuko." Alipoondoka, Mzee Tluway akasema aliyetega mtego hawezi kukwambia ametega. Hilary akasema mfuko hautoboki bure. Kwa hiyo hatujui chochote tulichokuwa hatujui.

Mwisho: Mama ameandika kwamba kwenye ibada ya Krismasi huko Machame ulitoa sadaka yako ukiwa umeifunga katika leso, ukaidondosha kikapuni bila kuigusa. Zamu ya kuhesabu ilikuwa ya Kaka Alex. Anaumwa jino tangu kesho yake, na shavu limejaa hivi kwamba hawezi kusema "nilikwambia". Nimekuandikia tu kwa kuwa ni habari za familia.

Mwanao,
Aikande


Wasso, 15 Machi 1998

Mwanangu Aikande,

Marahaba. Naandika kwa mkono wa kulia, kama uonavyo. Mwonyeshe Mzee Tluway. Kidole kilipona kwa sindano na maji ya chumvi. Samli ilifika, na mshukuru Nanyokie. Marsela ameacha kunitazama na amerudi kwa mbuzi.

Juu ya makubazi, nakubali kwamba hayana kamba. Juu ya sadaka, maandiko yanatuonya tusizitangaze, nami nimeamua kuyatii katika jambo hili kuliko nilivyowahi kuyatii katika mengine. Tajewo mpe chai kila anapokuja mnadani, kwa jina langu. Nisingependa kanisa liwe na mia ya mtu ambaye hajawahi kuingia ndani yake. Juu ya jino la Alex, hilo ni tukio lililofuata tu. Hata hivyo nimemwandikia aende kung'olewa mapema, na nimemtakia heri zaidi ya ilivyo kawaida yangu kwake.

Nimeirudia fasili yangu ya Oktoba. Niliiandika nikiwa Wasso, mbali na ngazi yako. Ilimtazama mwenye kitu, na kitu chenyewe, na nia ya mwenye kitu. Haikumtazama anayeinama.

Tuchukue mfano, na uuchukue kama mfano tu. Mzee mmoja mwenye elimu, aliyefundisha miaka mingi kwamba madini hayana nia, anatoka mgahawani kulipopambazuka. Moyo unamdunda, jambo ambalo madini hayapaswi kumfanyia mtu. Nyuma yake anamsikia mwenye mgahawa akipuliza moto wa mtori ambao hakuna atakayekuja kuunywa. Watu waliokusanyika jana ili wamwone akiwa jasiri hawapo. Hakuna anayemtazama isipokuwa dereva, ambaye mzee anadhani yuko usingizini. Anainama. Ile mia yenyewe haitaki. Anachotaka ni ngazi iwe tupu.

Kama sarafu haikuwa na kitu ndani yake, mzee huyo hakufanya zaidi ya kufagia. Kama ilikuwa nacho, alikipokea. Lakini yeye alipoinama hakujua ni lipi kati ya hayo mawili, na hakungoja ajue.

Basi nijibu, wewe uliyenishinda kwa maneno yangu mwenyewe: mtu huyo aliokota nini?

Baba yako mdogo,
Josephati